Kusoma Nadharia ya Kompyuta Hadi Uzamivu: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Mombasa

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi aliyemaliza, au anayekaribia kumaliza, shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta au ya hisabati hapa Mombasa, na ambaye anatamani kuendelea na masomo ya juu katika tawi lisiloshughulika na kutengeneza programu wala kuunganisha mitandao. Tawi hilo huuliza ni matatizo gani yanayoweza kukokotolewa, kwa muda gani na kwa kumbukumbu kiasi gani, na ni yapi yasiyokokotoleka hata mashine ikiwa na nguvu za namna gani. Halihitaji maabara. Linahitaji kalamu, karatasi, saa za utulivu, na mtu wa kukusomea ulichoandika. Vitatu vya mwanzo vinapatikana Likoni na Kisauni sawa na ng'ambo. Cha nne ndicho adimu, na sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata inahusu namna ya kukipata.

Kwa maoni yangu kipimo cha maendeleo katika fani hii ni kimoja tu, nacho ni uthibitisho ulioandika mwenyewe bila kuchungulia kitabu, kisha ukasomwa na mtu asiyekuonea haya. Idadi ya kurasa ulizosoma haisemi lolote, wala idadi ya mihadhara uliyotazama kwenye simu.

Hatua ya kwanza: Ijue fani kabla ya kuiombea nafasi

Mwaka 1936 Alan Turing alieleza mashine ya kufikirika yenye utepe usio na mwisho, inayosoma na kuandika alama moja moja, akathibitisha kwamba yapo matatizo ambayo mashine ya namna hiyo haitayatatua kamwe. Mwaka 1965 Juris Hartmanis na Richard Stearns waliyapanga matatizo kwa kadiri ya muda yanaohitaji, wakaonyesha kwamba mashine ikiongezewa muda wa kutosha huweza kutatua matatizo ambayo hapo kwanza yaliishinda. Mwaka 1971 Stephen Cook alithibitisha kwamba tatizo la kuamua kama fomula ya kimantiki inaweza kufanywa kuwa kweli ni gumu kiasi kwamba atakayelitatua kwa haraka atakuwa ametatua kwa haraka kila tatizo lililo katika kundi la NP, yaani matatizo ambayo jibu lake likishatolewa huhakikiwa upesi. Leonid Levin alifikia matokeo kama hayo katika Urusi ya Kisovieti bila kujua kazi ya Cook, na makala yake ikachapishwa mwaka 1973. Katikati ya kazi za hao wawili, mwaka 1972, Richard Karp aliorodhesha matatizo 21 ya kawaida, ya kugawa, kupanga na kuunganisha, yote yenye ugumu huo huo.

Kutoka hapo fani imetanuka. Wako wanaotafuta algoriti, yaani taratibu za kukokotoa hatua kwa hatua, za haraka au za kukadiria, wako wanaotafuta mipaka ya chini, yaani uthibitisho kwamba hakuna algoriti bora zaidi, wako wa kriptografia, wa ukokotozi wa kwanta, wa matumizi ya bahati nasibu katika ukokotozi, na wako wa upande wa mantiki wanaochunguza maana ya lugha za programu na namna ya kuhakiki kwamba programu inafanya ilichokusudiwa. Si lazima uchague mara moja, lakini ni lazima ujue kwamba pande hizi zina wahadhiri tofauti na mikutano tofauti, na kwamba barua ya maombi inayosema tu kwamba mwandishi wake anapenda nadharia haimwambii msomaji chochote.

Hatua ya pili: Jenga hisabati itakayotumika

Masomo mengi ya sayansi ya kompyuta humpa mwanafunzi hisabati ya kumvusha mtihani tu, na nadharia ya uwezekano ikaishia kwenye kete na karata. Masomo ya juu hudai zaidi. Unahitaji kuzifahamu seti, grafu, induksheni na mbinu za kuhesabu michanganyiko kiasi cha kuzitumia bila kufikiri. Katika uwezekano, ufike hadi mipaka ya Markov, Chebyshev na Chernoff, kwa sababu bila hiyo hutaelewa algoriti yoyote inayotumia bahati nasibu. Katika aljebra dhahania, vikundi na uga zenye kikomo vinatosha kwa kuanzia. Kalkulasi ngumu inaweza kusubiri.

Somo ambalo wanafunzi hulipuuza ni aljebra ya mstari, na mfano mmoja unatosha kuonyesha hasara yake. Mwaka 2019 Hao Huang alithibitisha dhana iliyowashinda wataalamu kwa takriban miaka 30, kuhusu kipimo cha unyeti wa fanksheni za Buli, yaani zinazopokea na kutoa 0 na 1 tu, na kiini cha uthibitisho wake kinaenea katika kurasa mbili hivi. Alichohitaji kuonyesha ni kwamba ukichagua zaidi ya nusu ya pembe za mchemraba wenye vipimo n, lazima ipatikane pembe iliyochaguliwa yenye majirani waliochaguliwa wasiopungua kipeuo cha pili cha n. Alijenga matrisi kwa hatua. Ya kwanza ina safu mbili, 0 1 na 1 0. Kila inayofuata hupatikana kwa kuweka iliyotangulia juu kushoto, hiyo hiyo yenye alama zilizogeuzwa chini kulia, na matrisi ya utambulisho katika pembe mbili zilizobaki. Chukua karatasi uizidishe matrisi ya pili kwa yenyewe: utapata utambulisho mara 2. Fanya hivyo kwa ya tatu, utapata utambulisho mara 3, na induksheni itakumalizia zilizobaki. Kwa hiyo thamani zote za aigeni za matrisi ya hatua ya n ni kipeuo cha pili cha n, chanya au hasi, nusu kwa nusu, na kutoka hapo theoremu ya zamani ya Cauchy kuhusu thamani za aigeni za sehemu ya matrisi inaimaliza kazi. Mwanafunzi aliyeifahamu aljebra ya mstari husoma makala hiyo kwa siku moja na kuielewa yote. Asiyeifahamu hawezi kuingia hata mlangoni.

Ukiwa bado chuoni, iwe ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor au Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, muombe mhadhiri wa idara ya hisabati akuruhusu kukaa katika darasa la aljebra au la uwezekano hata kama halimo katika orodha ya masomo yako. Nenda ana kwa ana, mwambie unataka kusoma nini na kwa nini, nawe ufanye mazoezi yote kama wanafunzi wenye darasa. Mhadhiri aliyekuona ukifanya kazi isiyo na alama ndiye atakayekuandikia barua yenye uzito baadaye.

Hatua ya tatu: Jifunze kuthibitisha kwa tatizo lililo mbele ya macho yako

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko pengine popote, na badala ya kueleza kwa jumla, afadhali tushike tatizo moja tulifuate. Anayesimama ufuoni karibu na kivuko cha Likoni huziona meli zikiingia Kilindini. Tuseme bandari ina gati m zilizo sawa, meli zimepanga foleni, na kila meli ina muda wake wa kupakuliwa unaojulikana. Tunataka meli ya mwisho imalize mapema iwezekanavyo. Bandari halisi ina mambo mengi zaidi ya hayo, lakini kazi ya mwananadharia huanza kwa kuyaondoa mambo mpaka libaki swali linaloweza kushikika.

Kwanza uliza kama swali ni gumu. Hata gati zikiwa mbili tu, kuzigawa meli ili pande zote mbili zimalize kwa wakati mmoja ni sawa kabisa na kugawa orodha ya namba katika mafungu mawili yenye jumla sawa, na tatizo hilo la kugawa limo katika orodha ya Karp ya mwaka 1972. Andika hoja hii yote: ukipewa orodha ya namba, fanya kila namba kuwa muda wa meli moja, kisha onyesha kwamba mafungu sawa yapo ikiwa, na tu ikiwa, meli zote zinaweza kumalizika kwa nusu ya jumla ya muda. Zingatia maneno «ikiwa, na tu ikiwa». Uthibitisho una pande mbili, na wanaoanza husahau upande wa pili mara kwa mara.

Kwa kuwa jibu kamili ni gumu kulipata, uliza la kukadiria. Utaratibu mwepesi ni huu: kila gati inapoachwa wazi, ipewe meli inayofuata katika foleni. Ron Graham alithibitisha mwaka 1966 kwamba utaratibu huo hauzidi mara mbili ya muda bora kabisa, na uthibitisho wake ni mfupi kiasi cha kuwekwa hapa. Iangalie meli iliyomaliza mwisho, na muda wake wa kupakuliwa uite t. Kabla meli hiyo haijaanza kupakuliwa, gati zote zilikuwa na kazi bila kupumzika, maana kama moja ingekuwa wazi, meli hiyo ingeingia humo. Kwa hiyo saa ambayo meli hiyo ilianza kupakuliwa, ikizidishwa kwa m, haizidi jumla ya muda wa meli nyingine zote. Sasa tazama mpango bora: hauwezi kuwa mfupi kuliko jumla ya muda wote ikigawanywa kwa m, wala hauwezi kuwa mfupi kuliko t, kwa sababu meli hiyo nayo ni lazima ipakuliwe. Kutokana na la kwanza, saa ya kuanza haizidi muda bora ukitolewa t kwa m. Ongeza t, kisha tumia la pili, utapata kwamba saa ya kumaliza haizidi muda bora ukizidishwa kwa (2 kasoro 1 kwa m).

Usiridhike hapo. Uliza kama mpaka huo unafikiwa kweli au ni uvivu wa uthibitisho. Chukua gati 3, meli 6 za saa 1 zikiwa mbele ya foleni, na meli 1 ya saa 3 ikiwa mwisho. Utaratibu wa foleni utazimaliza zile ndogo kwa saa 2, kisha kubwa ikaingia na kutoka katika saa ya 5. Mpango bora ungeiweka ile kubwa kwenye gati yake tangu mwanzo na zile ndogo tatu tatu kwenye gati mbili zilizobaki, zote zikamalizika kwa saa 3. Uwiano ni 5 kwa 3, ambao ndio 2 kasoro 1 kwa 3 barabara, kwa hiyo uthibitisho haukupunja. Mfano wenyewe unakuonyesha tiba: meli kubwa zitangulizwe. Mwaka 1969 Graham alithibitisha kwamba kwa kupanga hivyo uwiano hauzidi 4 kwa 3 kasoro 1 kwa 3m. Jaribu kuuthibitisha mpaka huo peke yako kabla ya kuutafuta popote. Huenda ukakuchukua siku kadhaa, na siku hizo ndizo masomo yenyewe.

Kila tatizo ulisome kwa mwendo huo: je, ni gumu, je, linakadirika, je, mpaka unafikiwa, na mfano unaoufikia mpaka unafundisha nini. Andika uthibitisho kwa sentensi kamili, si kwa mishale na alama zilizotupwa huku na huko. Lugha utakayofanyia mtihani na kuandikia tasnifu ni Kiingereza, lakini hakuna kinachozuia kujieleza kwanza kwa Kiswahili. Sentensi isiyosimama katika lugha unayoota kwayo haitasimama katika nyingine. Mwisho jifunze LaTeX, programu ya kuchapia maandishi yenye hisabati, ambayo ni ya bure na ndiyo inayotumiwa na karibu kila mtu katika fani hii, na uzichape upya hoja zako bora katika faili moja. Utaihitaji katika hatua ya saba.

Hatua ya nne: Chagua vitabu vichache na uvimalize

Tangu mwaka 2009, nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa, mwanafunzi wa hapa hana tena sababu ya kusema kwamba amekosa vitabu. Kitabu cha Michael Sipser kuhusu nadharia ya ukokotozi ndicho cha kuanzia, na mihadhara yake ya mwaka 2020 katika chuo cha MIT imewekwa bure kwenye intaneti. Kinachofuata ni kitabu cha Sanjeev Arora na Boaz Barak kuhusu uchangamano, yaani kiasi cha muda na kumbukumbu ambacho matatizo hudai, kilichochapishwa mwaka 2009, ambacho rasimu yake imewekwa wazi na waandishi wenyewe. Kwa upande wa algoriti za kukadiria, David Williamson na David Shmoys walichapisha chao mwaka 2011, nacho pia kina nakala ya bure. Humo utaikuta ile hoja ya Graham pamoja na nyingi zilizozaliwa nayo. Vitatu hivyo vinatosha kwa miaka miwili. Anayepakua vitabu hamsini mara nyingi hamalizi hata kimoja.

Namna ya kusoma ni muhimu kuliko orodha. Soma tamko la theoremu, funga kitabu, jaribu kulithibitisha kwa saa moja, kisha fungua usome mstari wa kwanza tu wa uthibitisho, ufunge tena. Mazoezi ya mwisho wa sura usiyaruke, kwa sababu waandishi hawa huficha humo matokeo ambayo sura inayofuata inayategemea. Sura unayoisoma ichapishwe kwenye saiba ikiwa unaweza kumudu, maana huwezi kuandika pembeni mwa skrini ya simu, na umeme ukikatika karatasi haizimiki. Kwa wengi, saa mbili baada ya sala ya alfajiri, kabla joto halijapanda na kabla simu hazijaanza kulia, zina manufaa kuliko saa tano za mchana.

Hatua ya tano: Tafuta watu wa kukusikiliza

Watu watatu wanatosha, na wakizidi sita kikundi kinageuka kuwa mkutano. Si lazima wote wawe wa kompyuta. Mwalimu wa hisabati wa sekondari anayependa somo lake ni hazina kubwa, na vilevile mhitimu wa uhandisi wa umeme ambaye hakuridhika na hisabati aliyopewa. Kutaneni kila wiki siku moja, mahali penye ubao. Mmoja apewe theoremu wiki moja kabla, na siku yake ikifika aithibitishe ubaoni bila karatasi mkononi. Wengine wana wajibu wa kumsimamisha kila anaposema «ni wazi kwamba», wasimwachie aendelee mpaka aeleze uwazi huo unatoka wapi.

Watu wa Mwambao wanaijua namna hii ya kusoma tangu zamani. Mwanafunzi hukaa mbele ya sheikhe wake na kitabu, akasoma ibara moja moja, na hasogei mbele mpaka mwalimu aridhike kwamba ile aliyoisoma ameielewa. Kitabu kimoja huweza kuchukua miaka, na hakuna anayeona kwamba huo ni ucheleweshaji. Nadharia ya kompyuta inafaa kusomwa kwa adabu hiyo hiyo, kwa kuwa hoja moja iliyopitwa bila kueleweka katika sura ya pili hujitokeza katika sura ya saba, na wakati huo mwanafunzi huwa hajui tena alipotelea wapi.

Ikiwa umekosa kabisa watu wa karibu, kutaneni kwa simu ya video na wenzenu wa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, lakini kila mtu aandike kwa mkono na kuonyesha karatasi yake kwenye kamera.

Hatua ya sita: Ingia kwenye makala za utafiti

Ukishamaliza nusu ya kitabu cha pili, anza kusoma makala. Ya kwanza iwe fupi na iwe ya matokeo makubwa. Napendekeza ile ya mwaka 2002 ya Manindra Agrawal, Neeraj Kayal na Nitin Saxena wa chuo cha teknolojia cha IIT Kanpur nchini India, iliyochapishwa rasmi mwaka 2004, inayothibitisha kwamba namba inaweza kupimwa kama ni tasa kwa muda wa polinomia, yaani usiozidi kipeo fulani kisichobadilika cha idadi ya tarakimu zake, bila kutegemea bahati nasibu wala dhana isiyothibitishwa. Wawili kati ya watatu hao walikuwa ndio kwanza wamemaliza shahada ya kwanza. Hoja yao inaanzia kwenye jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa aljebra anaweza kulihakiki: n ikiwa namba tasa, basi X jumlisha a, ikipandishwa kwa kipeo n, ni sawa na X kwa kipeo n jumlisha a, kwa masalio ya n. Kuuhakiki usawa huo moja kwa moja kunachukua muda mrefu mno, na ujanja wao ulikuwa kuufupisha bila kupoteza ukweli wake.

Makala isomwe mara tatu. Mara ya kwanza tafuta tu nini kinadaiwa na nini kilijulikana kabla yake. Mara ya pili fuata uthibitisho kwa mfano mdogo wenye namba halisi. Mara ya tatu iandike upya kwa maneno yako na uipeleke mbele ya kikundi. Makala mpya za fani hii hupatikana bure kwenye arXiv, hifadhi ya makala ya mtandaoni, na kwenye ECCC, hifadhi ya uchangamano iliyoanzishwa mwaka 1994, na mikutano mikuu ni STOC na FOCS, ambayo orodha zake za kila mwaka zitakuonyesha watu wanashughulika na nini hivi sasa.

Hatua ya saba: Omba nafasi ukiwa na kitu mkononi

Njia zinatofautiana kwa nchi. Hapa Kenya uzamivu huombwa baada ya uzamili, na mwombaji huleta pendekezo la utafiti, kwa hiyo ni lazima kwanza uhakikishe kwamba yupo msimamizi aliyechapisha katika nadharia yenyewe, si katika mifumo ya habari tu. Ukikosa msimamizi huyo, jina zuri la chuo halitakusaidia. Marekani mwombaji anaweza kuingia uzamivu moja kwa moja baada ya shahada ya kwanza, maombi mengi hufungwa Desemba kwa masomo ya mwaka unaofuata, na vyuo vingi humlipia mwanafunzi ada pamoja na posho kwa kazi ya kufundisha au ya utafiti. Ulaya kwa kawaida hudai uzamili kwanza. Kwa mwenye shahada ya kwanza anayetaka kuimarisha hisabati, ipo taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, AIMS, iliyoanzishwa mwaka 2003 huko Muizenberg karibu na Cape Town na sasa ina vituo katika nchi nyingine za Afrika zikiwemo Rwanda, Ghana na Senegal. Shahada yake ya uzamili huwa na ufadhili, na wanafunzi huishi na wahadhiri mahali pamoja, jambo linalotibu ule uhaba wa watu wa kukusikiliza.

Barua tatu za mapendekezo ndizo huamua mambo. Mpe kila mhadhiri angalau miezi miwili, na usimpelekee ombi tupu. Mpelekee ile faili ya hoja zako, umwonyeshe mbili unazojivunia, ili aweze kuandika kwamba alikuona ukifanya jambo fulani, badala ya kuandika kwamba wewe ni mwanafunzi mwenye bidii na nidhamu. Sentensi ya bidii na nidhamu huandikwa kwa kila mtu.

Kwa msimamizi wa ng'ambo usiyemjua, andika barua fupi ya aya moja. Taja makala yake moja uliyoisoma hadi mwisho, uliza swali moja mahususi kuhusu hatua fulani ya uthibitisho, na eleza ulichojaribu kabla ya kuuliza. Barua ndefu zinazosifu chuo chake hazijibiwi.

Hatua ya nane: Chagua swali la tasnifu

Usianze na swali la kama P, yaani kundi la matatizo yanayotatuliwa kwa muda wa polinomia, ni sawa na NP. Taasisi ya hisabati ya Clay iliahidi dola 1,000,000 mwaka 2000 kwa atakayelijibu, na mvuto wake unaeleweka, lakini kabla ya kuligusa sharti uelewe kwa nini mbinu zinazojulikana haziwezi kulijibu. Mwaka 1975 Theodore Baker, John Gill na Robert Solovay walionyesha kwamba kundi zima la hoja haliwezi kufaulu, mwaka 1994 Alexander Razborov na Steven Rudich wakazuia kundi la pili kwa kutumia dhana za kriptografia, na mwaka 2008 Scott Aaronson na Avi Wigderson wakazuia la tatu. Yasome matokeo hayo kama mwanafunzi wa ubaharia anavyoisoma ramani ya miamba.

Swali jema la tasnifu huanzia kwenye uthibitisho unaoufahamu vizuri, kisha ukaubadilishia sharti moja. Turudi kwenye gati zetu. Kiuhalisia gati hazilingani kina, na meli inayozama sana majini haiwezi kufunga kila mahali, kwa hiyo kila meli iwe na orodha ya gati inazoruhusiwa. Hoja ya Graham inavunjika hapo hapo, kwa sababu gati inaweza kuwa wazi na bado meli ikalazimika kusubiri. Mwaka 1990 Jan Karel Lenstra, David Shmoys na Éva Tardos walichapisha algoriti inayopata mara 2 ya muda bora hata katika hali pana zaidi ya hii, na wakathibitisha kwamba kushuka chini ya mara 3 kwa 2 hakuwezekani ila P ikiwa sawa na NP. Pengo kati ya 3 kwa 2 na 2 halijazibwa. Tasnifu ya uzamili haihitaji kuliziba. Inatosha kuonyesha aina moja ya orodha za gati, kwa mfano ambapo kila gati yenye kina zaidi inakubali kila meli inayokubaliwa na iliyo na kina pungufu, na kuuliza nini kinawezekana humo. Kabla ya kuthibitisha chochote, tafuta kwa wiki nzima kama mwingine ameshafanya, kwa sababu hali nyepesi za aina hiyo zimeshachunguzwa sana, na kazi yako itakuwa kuongeza sharti jingine ambalo bado halijaguswa.

Daftari la utafiti liwe na tarehe kila ukurasa, na hoja zilizoshindwa zisichanwe. Andika chini yake mahali hasa zilipokwamia. Ukifika siku ambayo uthibitisho umesimama, uache wiki moja bila kuugusa, usome tena kama adui, kisha umpe msimamizi wako na mwenzako mmoja wa kile kikundi cha ubaoni kabla ya kuupeleka arXiv.